Haba Haba ya Norway: je, ni Kiswahili kilichoiangusha huko Düsseldorf?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Juzi tulibishana kazini kuhusu Eurovision. Mwenzangu anadai mwaka 2011 Norway ilipeleka wimbo wa Kiswahili, ukatolewa mapema kwa kuwa Wazungu hawakuelewa maneno. Mimi nilidhani anatunga tu. Je, ni kweli? Na kama Kiswahili kiliwahi kufika huko, kwa nini Tanzania au Kenya zisipeleke wimbo wao wenyewe? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako hakutunga. Mwaka 2011 Norway iliwakilishwa katika Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya la kila mwaka, na wimbo ambao kiitikio chake ni cha Kiswahili, na ilikuwa mara ya kwanza lugha yetu kuimbwa katika shindano lile. Ni kweli pia kwamba uliishia nusu fainali. Lakini sababu anayoitoa siikubali. Kiswahili hakikuiangusha Norway. Yaliyoiangusha ni mambo mengine, na ukiupitia usiku ule hatua kwa hatua utayaona.

Wimbo unaitwa "Haba Haba" na mwimbaji ni Stella Mwangi, anayejulikana pia kama STL. Alizaliwa Nairobi mwaka 1986, na alipokuwa bado mtoto mdogo familia yake ilihamia Norway, wakaishi Eidsvoll, kaskazini mwa Oslo, mahali ambapo Wanorway wanapaheshimu sana kwa kuwa ndiko katiba yao ilikoandikwa mwaka 1814. Stella hakutokea kwenye nyimbo laini za mapenzi zinazojaa Eurovision. Alikuwa mchanaji. Alikuwa ameshatoa albamu ya "Living for Music" mwaka 2008, na wapenzi wa hip hop wa Nairobi walikuwa wakimfahamu kabla watazamaji wa kawaida wa televisheni ya Norway hawajamzoea.

Huko, njia ya kwenda Eurovision ni shindano la taifa liitwalo Melodi Grand Prix, linaloendeshwa na shirika la utangazaji la nchi, NRK. Fainali ya mwaka ule ilifanyika tarehe 12 Februari 2011 katika ukumbi wa Oslo Spektrum, na "Haba Haba" ikaibuka mshindi. Baadaye wimbo ukapanda hadi nafasi ya kwanza katika chati ya Norway. Hapa naomba usimame kidogo. Norway wakati ule ilikuwa na watu wasiofika milioni 5, na wanaojua Kiswahili miongoni mwao ni wachache mno. Waliopiga simu kuuchagua, walioununua na walioucheza redioni walikuwa Wanorway wa kawaida ambao hawakujua "hujaza" ni nini wala "kibaba" ni nini. Kama kutoelewa maneno kungekuwa kizuizi, wimbo usingetoka hata Oslo.

Ukiusikiliza utajua kwa nini waliupenda. Umetungwa na Stella mwenyewe akishirikiana na timu ya watayarishaji iitwayo Beyond51, na umejengwa kwa akili. Beti ziko kwa Kiingereza, na humo msichana anakumbuka bibi yake akimwambia kwamba anaweza kuwa chochote anachotaka. Hadithi inaeleweka mara moja. Halafu kinakuja kiitikio, ambacho ni methali ile ile tuliyoandika kwenye madaftari ya shule: haba na haba hujaza kibaba. Sasa isikilize kwa sikio la mtu asiyejua lugha. Kila silabi inaishia na irabu, "ba" inarudi tena na tena, hakuna konsonanti zilizobanana za kumkwaza mgeni. Mtoto wa Bergen anaweza kuiimba baada ya kuisikia mara mbili. Msikilizaji anapewa hadithi kwa lugha anayoijua, kisha anapewa sauti ya kuimba pamoja na wenzake. Mtu anayejua kazi yake ndiye anayepanga wimbo hivyo.

Kwa sehemu kubwa ya miaka ya kabla ya 1999 wimbo huu usingeruhusiwa. Eurovision ilianza mwaka 1956 huko Lugano, Uswisi, na kwa miaka mingi ilikuwa na sharti kwamba kila nchi iimbe kwa lugha yake ya taifa. Sharti hilo liliandikwa rasmi 1966, likaondolewa 1973, likarudishwa 1977, kisha likafutwa moja kwa moja 1999. ABBA waliposhinda kwa Kiingereza mwaka 1974 wakiiwakilisha Sweden, walipita katika ule upenyo wa katikati. Kwa hiyo Stella alikuja wakati mlango uko wazi.

Tuje Düsseldorf, Ujerumani, Mei 2011. Nchi 43 zilishiriki mwaka ule. Nchi tano zinazotoa fedha nyingi zaidi, yaani Ufaransa, Ujerumani, Italia, Hispania na Uingereza, ziliingia fainali moja kwa moja. Nyingine zote ziligawanywa katika nusu fainali mbili za nchi 19 kila moja, na kumi tu ndizo zilizopita kutoka kila upande. Norway iliangukia nusu fainali ya kwanza, tarehe 10 Mei.

Mgawanyo huo ndio bahati mbaya ya kwanza. Katika nusu fainali zinapiga kura nchi zilizomo humo tu, pamoja na baadhi ya zile tano kubwa. Nchi za Nordiki, yaani za kaskazini mwa Ulaya, zina mazoea ya muda mrefu ya kupeana pointi, kwa kuwa wanasikiliza redio zinazofanana, wanajua wasanii wa jirani, na ladha zao ziko karibu. Sweden na Denmark, majirani wawili ambao Norway huwategemea zaidi, walipangwa katika nusu fainali ya pili. Walibaki Finland na Iceland peke yao. Tena kanuni inakataza nchi kujipigia kura, kwa hiyo wale wote waliompa Stella ushindi kule Oslo, pamoja na jamaa zetu wa Afrika Mashariki wanaoishi Norway, usiku ule hawakuweza kumsaidia kwa chochote. Nairobi nayo haikuwa na sauti yoyote.

Bahati mbaya ya pili ni nafasi ya kupanda jukwaani. Poland iliimba ya kwanza, Norway ya pili, kisha zikafuata nchi nyingine 17. Wafuatiliaji wa Eurovision wanaiogopa nafasi ya pili, na wana haki. Mtazamaji ndiyo kwanza anakaa sawa kwenye kochi. Kufika wimbo wa kumi na tisa, kilichobaki kichwani mwake kuhusu wimbo wa pili ni kidogo sana.

La tatu ni la kiufundi, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Kanuni inaruhusu watu sita tu jukwaani, wimbo usizidi dakika tatu, na mwaka ule kila sauti ya binadamu ilipaswa kuimbwa papo hapo, hata za waitikiaji. Muziki ungeweza kuwa wa kurekodiwa, sauti hapana. Sasa "Haba Haba" ya studio ni wimbo wa umati. Kiitikio chake kimerundikwa sauti nyingi juu ya nyingine hadi unahisi mtaa mzima unaimba. Toa ule umati, weka watu sita wanaocheza kwa nguvu huku wanaimba, waweke katika uwanja wa mpira wa Fortuna Düsseldorf uliogeuzwa ukumbi wa watazamaji zaidi ya 35,000, na lazima kitu kipungue. Kwa sikio langu, kiitikio kilipungua uzito, na beti zikahitaji pumzi zaidi ya ile iliyobaki baada ya kucheza. Stella alikuwa na uchangamfu wa kutosha, na tabasamu lake lilifika hadi kwa aliyekaa nyumbani. Lakini nusu ya matokeo ya mwaka ule ilitoka kwa majaji, na majaji wanasikiliza sauti kwanza. Ningekuwa mpangaji wa onyesho lile, ningepunguza kucheza, nikawapanga waitikiaji watano kwenye maikrofoni, nikaiacha methali ibebwe na koo.

Matokeo: Norway nafasi ya 17 kati ya 19, pointi 30. Aliyeshika nafasi ya kumi, Uswisi, alikuwa na 55. Malta ilikosa kwa pointi moja, ikiwa na 54. Uturuki na Armenia nazo zilitolewa usiku huo huo, ingawa hakuna hata moja kati yao iliyowahi kukwama nusu fainali kabla ya hapo. Ilikuwa nusu fainali ngumu kwa kila mtu.

Na huu ndio ushahidi wa kumpelekea mwenzako kazini. Aliyeongoza nusu fainali ile ile, kwa pointi 133, alikuwa Ugiriki: Loukas Giorkas akiimba kwa Kigiriki, Stereo Mike akichana kwa Kiingereza. Lugha mbili katika wimbo mmoja, moja ya kimataifa na moja ambayo watazamaji wengi hawaijui, kama alivyofanya Stella. Serbia nayo ilipita ikiimba Kiserbia. Angalia pia orodha ya washindi wa fainali: Serbia 2007 kwa Kiserbia, Ureno 2017 kwa Kireno ikiwa na pointi 758, Italia 2021 kwa Kiitaliano, Ukraine 2022 kwa Kiukraine. Na kinyume chake, mwaka 2016 Norway ilimpeleka Agnete na wimbo wa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, naye akatolewa nusu fainali. Kiingereza hakikulaumiwa.

Kuna jambo jingine kuhusu Norway ambalo nalipenda, na linahusiana na hili. Nchi ile ina desturi ya kupeleka sauti za pembezoni. Mwaka 1980 ilipeleka wimbo wenye joik, uimbaji wa asili wa Wasami, watu wa kaskazini ya mbali ambao lugha yao ilidharauliwa shuleni kwa vizazi. Mwaka 2019 kundi la KEiiNO lilirudi na joik tena, na likaongoza kura za watazamaji wa Ulaya nzima kwa pointi 291, ingawa majaji waliliteremsha hadi nafasi ya sita. Mimi namweka Stella katika mstari huo. Msichana aliyezaliwa Nairobi kuiwakilisha Norway kwa methali ya Kiswahili, na nchi ikakubali kwamba huo ndio wimbo wao wa mwaka, ni jambo kubwa kuliko zile pointi 30.

Sasa sehemu ya pili ya swali lako: kwa nini sisi tusipeleke wetu.

Eurovision si shindano la serikali wala la bara la Ulaya kama bara. Ni shindano la mashirika ya utangazaji yaliyo wanachama wa Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, EBU, ulioanzishwa mwaka 1950 na wenye makao makuu Geneva. Uanachama kamili unategemea ukanda wa utangazaji uliochorwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, na mipaka ya msingi ya ukanda huo ni mistari ya ramani: upande wa mashariki longitudo ya nyuzi 40, upande wa kusini latitudo ya nyuzi 30 kaskazini. Fungua atlasi uone. Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa zote ziko magharibi mwa nyuzi 40, kwa hiyo kwa mstari ule wa mashariki tungeingia. Mstari wa kusini ndio unaotukata, maana unapita Misri kaskazini, karibu na Cairo, nasi tuko ng'ambo ya ikweta. Nchi ikiwa mwanachama wa Baraza la Ulaya nayo inakubalika, na ndiyo njia iliyozifaa nchi za Kaukazi kama Georgia. Sisi hatuna hata moja kati ya hizo mbili. TBC na KBC si wanachama wa EBU. Mashirika ya bara letu yana umoja wao, wenye makao Dakar.

Ila mstari huo unaiacha Afrika Kaskazini ndani. Moroko, Algeria, Tunisia, Libya na Misri zote zina mashirika yaliyo wanachama wa EBU, na yanaweza kushiriki yakitaka. Moroko ilishiriki, mara moja tu, tarehe 19 Aprili 1980 huko The Hague, Uholanzi. Mwimbaji alikuwa Samira Bensaïd, binti wa Rabat mwenye miaka 22, na wimbo "Bitaqat Hub", kwa Kiarabu. Israel, iliyokuwa imeshinda miaka miwili mfululizo, haikushiriki mwaka ule kwa kuwa tarehe iliyopangwa iligongana na siku yao ya kuwakumbuka askari waliokufa, na Moroko ikaingia. Ule ndio usiku ule ule ambao Norway ilipeleka joik. Kiarabu na joik jukwaa moja, saa chache, miaka 31 kabla ya "Haba Haba".

Samira alipata pointi 7, zote kutoka Italia, akawa wa 18 kati ya 19. Moroko haikurudi tena hadi leo. Lakini usimhurumie Samira. Alihamia Cairo, akajulikana kwa jina la Samira Said, na akawa mmoja wa waimbaji wakubwa wa ulimwengu wa Kiarabu. "Youm Wara Youm" aliyoitoa akiwa na Cheb Mami kutoka Algeria imepigwa hadi kwenye harusi za pwani yetu. Na damu ya Moroko ilirudi kwenye Eurovision kwa mlango mwingine: Loreen, mzaliwa wa Sweden wa wazazi kutoka Moroko, alishinda 2012 huko Baku na tena 2023 huko Liverpool. Ndiye mwanamke wa kwanza kushinda mara mbili.

Kwa nini nyingine za kaskazini hazishiriki? Siasa, kwa kifupi. Shirika linaloshiriki linalazimika kurusha onyesho zima bila kukata wimbo wa nchi yoyote, na Israel hushiriki. Tunisia ilijiandikisha 1977 ikajitoa. Lebanon ilikuwa imeshamteua Aline Lahoud mwaka 2005, ikajitoa kwa sababu sheria za nchi zisingeruhusu kurusha wimbo wa Israel.

Utaniuliza, na Australia je? Iko mbali kuliko sisi. Australia iliingia 2015 kwa mwaliko, wakati Eurovision inatimiza miaka 60. Televisheni yao ya SBS ilikuwa ikilirusha shindano lile tangu 1983, ina uanachama mshiriki wa EBU, na watazamaji wake walikuwa wakikesha kulitazama. Mwaka uliofuata Dami Im alishika nafasi ya pili. Kwa hiyo mlango wa mwaliko upo. Lakini ulifunguliwa kwa miongo mitatu ya kurusha na kutazama, na hapa kwetu hakuna shirika lililofanya kazi hiyo.

Kwa sasa, basi, njia halisi ya mtu wa kwetu kufika pale ni ile ya Stella: kuiwakilisha nchi anayoishi. Tusse alifanya hivyo mwaka 2021 huko Rotterdam. Alizaliwa Kongo, akakimbia vita akiwa mtoto, akaishi kambini Uganda, kisha akapokelewa Sweden, na akaiwakilisha nchi hiyo kwa wimbo "Voices". Alifika fainali, nafasi ya 14, pointi 109. Aliimba kwa Kiingereza kitupu. Natamani siku moja nimsikie mwingine wa namna yake akitia hata ubeti mmoja wa lugha ya nyumbani.

Kenya, kwa upande wake, tayari imeonja shindano la nchi kwa nchi mahali pengine. Septemba 2025 Urusi ilifufua Intervision, shindano la enzi za kambi ya Kisovieti, na Sanaipei Tande akaiwakilisha Kenya huko Moscow. Vietnam ndiyo iliyoshinda. Urusi ililiandaa baada ya kufungiwa Eurovision mwaka 2022 kwa sababu ya vita vya Ukraine, kwa hiyo siasa haikukosekana huko pia.

Jambo la mwisho, ambalo huenda hukulijua na linakuhusu wewe moja kwa moja. Tangu 2023 watazamaji wa nchi zisizoshiriki wanaruhusiwa kupiga kura kwa njia ya mtandao, kwa kulipia na kadi ya benki. Kura za dunia yote hiyo zinajumlishwa na kuhesabiwa kama nchi moja, inayotoa pointi 1 hadi 8, kisha 10 na 12. Ni sehemu ndogo, lakini mwaka 2011 haikuwepo kabisa. Onyesho huanza saa 3 usiku kwa saa za Ulaya ya kati, yaani saa 4 usiku hapa kwetu, katikati ya Mei. Mwambie mwenzako mtazame pamoja mwakani, na mkisikia Kiswahili kikiimbwa, kadi iwe karibu.